Golori za Goti

Jambo lote lilinigharimu mikebe minne ya samli, jozi moja ya viatu vya ngozi ambavyo mwalimu yeyote angevinunua bila kunisumbua, na nauli ya Nairobi kwenda na kurudi. Nimehesabu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilisahau viatu. Unga wa dawa wenyewe haukunigharimu hata ndururu, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Mimi nimeuza viatu vya mitumba katika soko la Kibuye, Kisumu, tangu binti yangu Akinyi akiwa wa kubebwa mgongoni, na sijawahi kuona kitu cha bure kikitoka mkononi mwa mtu mwenye duka.

Mwenye unga alikuwa Mhindi mzee, muuza spea za baiskeli katikati ya mji. Mafundi walimwita Mzee wa Spea. Sisi wenye magoti, viuno na mabega tulimwita Mzee wa Unga. Jina lake lilikuwa juu ya mlango kwa rangi ya bluu, lakini sijawahi kusikia mtu akilitumia. Alizaliwa wapi na babake alikuja lini, sikuuliza. Hata yeye hakuniuliza kwetu ni wapi. Aliniuliza tu goti linauma nikipanda au nikishuka.

Duka lenyewe lilikuwa jembamba kama korido. Cheni zilining'inia kulia, tairi kushoto, na harufu ilikuwa ya grisi na tangawizi, mchanganyiko ambao mpaka leo nikiupata mahali nageuka kumtafuta. Chini ya kaunta, kando ya masanduku ya pedeli, alikuwa na kinu cha shaba. Biashara ikipoa alitwanga. Mteja wa spoku akiingia, alifunika kinu kwa gazeti na kuwa mfanyabiashara tena, na hapo hakuwa na huruma. Nimemwona akibishana na fundi juu ya kengele ya baiskeli mpaka fundi akaanza kumweleza habari za wanawe. Mzee alisikiliza zote, akawauliza watoto wako darasa gani, kisha bei ikabaki pale pale.

Mimi nilifikishwa kwake na tumbo. Goti langu la kulia lilikuwa limeuma miaka. Ukiuza viatu vya mitumba unainama kutwa nzima, kuchagua, kupanga, kumvisha mteja, na ukiinuka goti linakudai lake. Daktari aliangalia picha akasema gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, imelika. Nikamuuliza inauzwa wapi. Hakucheka. Alinipa tembe za maumivu, nikazila kama njugu, mpaka tumbo likafanya vidonda na daktari yule yule akasema niziache kabisa.

Hapo Akinyi, ambaye ni muuguzi Nairobi, akapata sababu aliyokuwa akiitafuta. "Mama, funga hicho kibanda," aliniambia kwa simu. "Njoo ukae na mimi. Kuna chumba, kuna televisheni." Akanipa mpaka Krismasi. Nampenda binti yangu, lakini nilifika kwake mara moja nikakaa siku nne, na kufikia siku ya tatu nilikuwa nawashauri watu wa kwenye tamthilia. Kibuye ndiko ninakojulikana. Mtu akinitoa pale kwa sababu ya goti, atakuwa amenitoa mzima mzima.

Kwa hivyo jirani yangu wa kuuza mabegi aliponiambia kuna Mhindi ana unga wa kienyeji wa kwao unaosaidia maumivu ya siku nyingi, niliondoka siku hiyo hiyo.

"Mzee, habari. Nimesikia uko na dawa ya goti."

"Dawa iko hospitali," alisema, macho kwenye kinu. "Hapa iko spea."

"Basi nipe spea ya goti."

Hapo akainua macho. Alikuwa na macho makubwa, na nyusi nyeupe zilizoelekea kila upande kama brashi iliyochoka.

"Umeona daktari?"

Nikamwonyesha kadi ya hospitali. Aliisoma yote, na nyuma pia ambako hakujaandikwa kitu. Akauliza kama nina presha, kama nina sukari, figo zikoje, nakula tembe gani nyingine. Mwanamke aliyekuja baada yangu bila kadi alimrudisha. "Kwanza hospitali. Kama mguu imevunjika na mimi napaka unga, ni ujinga ya nani?"

Alipima unga kwa kifuniko cha kengele ya baiskeli, kile kikombe cha juu kinacholia. Akaumimina kwenye mfuko mdogo wa karatasi, mifuko ile ile aliyotilia golori, vile vyuma vya mviringo vinavyozungusha gurudumu. Mfuko ulikuwa umegongwa muhuri kabisa: GOLORI.

"Bei gani?"

"Hii hapana bei."

"Kila kitu iko na bei, Mzee."

"Cheni iko na bei. Tairi iko na bei. Hii hapana."

Nikamwambia anipunguzie. Ni mazoea, yalitoka yenyewe. Akatoa unga kidogo kwenye mfuko na kuurudisha kinuni. "Haya, nimepunguza."

Siku hiyo nilijua nimekutana na mtu.

Nilipokuwa mlangoni akanipa maagizo: "Kijiko moja, jioni, gi chak."

Sasa, Wahindi wa madukani samli wanaiita ghii. Hilo nilijua. Na chak ni maziwa kwa lugha yetu ya Kijaluo. Nikajisemea, mzee amejitahidi, neno moja la kwao na moja la kwetu. Ghii, chak. Samli na maziwa. Nikapita dukani nikanunua mkebe wa samli, ile nzuri, nikiwa na uchungu wa mtu anayelipia dawa ya bure.

Kila jioni niliyeyusha samli kwenye maziwa moto, nikakoroga unga, nikafumba macho. Unga ulikuwa mchungu na wenye harufu ya ajabu. Baadaye nilimuuliza ni ya nini, akasema ni mzizi fulani wa kwao unaonuka kama farasi. Nilikubali tu. Farasi Kisumu ningemnusia wapi? Viungo vingine hakuvificha kwa mtu yeyote: manjano, tangawizi kavu, mbegu za uwatu, pilipili manga. "Nenda utengeneze mwenyewe," angesema. Hakuna aliyeenda. Kutwanga ni kazi.

Mkebe wa kwanza ukaisha, na wa pili. Kufikia mkebe wa nne nguo zangu zilikuwa zimeanza kuniuliza maswali, na goti, ambalo sasa lilibeba mwanamke na samli yake, lilikuwa baya kuliko mwanzo.

"Min Akinyi," alisema Mzee siku nilipoingia nikihema, kwa maana alikuwa amekwisha kuanza kuniita Mama Akinyi kwa namna ya kwetu. "Unanenepa. Goti hapana taka hii."

"Si samli yako?"

"Samli gani?"

"Ile uliniambia ninywe. Ghii, chak."

Aliuweka mchi chini. Kisha akaanza kuongea Kijaluo, na hakikuwa cha neno moja. Kilikuwa Kijaluo cha akina mama wa samaki, chenye mteremko wake wote na dharau mahali panapohitaji dharau. Aliniuliza kwani mamangu alinilea kwa lugha gani. Gi, alisema, ni gi. Gi chak! Pamoja na maziwa! Neno ambalo mtoto wa Kijaluo analijua kabla hajaota meno.

Nilimwona Mhindi, nikasikia Kihindi.

Akatoka mpaka barazani akawaita mafundi. "Njooni! Mimi nimesema Kijaluo, Mjaluo amesikia Kihindi!" Fundi mmoja alikaa chini kabisa kucheka, akiwa ameshika gurudumu la mtu. Miezi mingi baada ya hapo nikipita mtaa ule nilisikia, "Mama Ghii! Chak iko wapi?" Nami niliwajibu kwamba nimeibakiza kwa bibi zao.

Mzee mwenyewe, tangu siku hiyo, hakunisemesha Kijaluo tena ila jina tu. "Na wewe, Kiswahili," alisema. "Kijaluo na wewe ni hatari."

Alikuwa na sheria moja iliyonikera. Unga alitoa wa wiki moja tu, na hakumpa mtu aliyetumwa. Siku moja jua lilikuwa kali, nikamtuma mtu wa bodaboda. Alirudi mikono mitupu na ujumbe: "Goti ije yenyewe." Ikabidi nitembee kutoka Kibuye mpaka mjini, polepole, nikisimama kwenye vivuli vya maduka kujifanya naulizia bei. Kwenye mfuko wangu kuliandikwa golori, na mteja wangu mmoja aliuona nikirudi.

"Mama, siku hizi una baiskeli?"

"Hapana. Ni golori za goti."

Jina likashika. Mpaka leo Kibuye ukiuliza golori za goti utaonyeshwa kwangu.

Mimi si mtoto, nikaanza kupiga hesabu yangu. Nilitembea kila wiki ambapo zamani nilipanda boda. Niliacha samli, nguo zikanyamaza. Mazoezi ya hospitali, yale ya kunyoosha mguu ukiwa umeketi, nilikuwa nayafanya dukani kwake kwa sababu alinisimamia na kunihesabia kwa sauti kama mwalimu wa gwaride. Goti lilikuwa limeanza kutulia. Halikupona, lilitulia, kama jirani mgomvi aliyepata kazi. Lakini lilitulizwa na nini?

"Mzee," nilimwambia, "huu unga wako ni chambo."

"Chambo ya nini?"

"Ya kunitembeza."

"Kama ni hivyo," alisema huku akifuta kinu, "ningekupa unga wa sima tu."

"Umejuaje sijafikiria hivyo?"

"Na wewe umejuaje sijakupa?"

Akaendelea kufuta. Nilimwangalia usoni kwa jicho langu la soko, lile linaloona pesa ya mtu kupitia mfuko wa suruali, nikatoka bila kitu.

Yeye mwenyewe unga wake hakuula. Nilimkuta siku moja ameshika kiuno, anameza tembe mbili za dukani kwa chai. Nikasimama mlangoni nikasubiri maelezo.

"Unga mchungu sana," alisema.

Chai hiyo ilikuwa na vijiko vitatu vya sukari, na dakika chache kabla alikuwa amemkaripia mama mmoja juu ya soda. Samaki hakula, nyama hakula, yai hakula, lakini bei ya omena, wale dagaa wa ziwani, aliijua kila asubuhi kuliko wauzaji, kwa sababu alilisha paka wa mtaa mzima. Alituhubiria utulivu wa moyo, eti hasira hukaa kwenye viungo. Halafu redio ikitangaza kriketi alirusha spana. Nilimuuliza hasira hiyo hukaa kwenye kiungo gani. Akasema ile si hasira, ni kriketi.

Viatu nilivyovitaja ni hivi. Alikuja Kibuye Jumapili moja, ambayo ndiyo siku soko linafurika, akaokota jozi ya ngozi ya kahawia kwenye meza yangu. Nikataja bei. Akataja yake, ambayo haikuwa bei, ilikuwa tusi.

"Mwenye kiatu hii amekufa?"

"Hajafa, Mzee. Amenenepa."

"Amekufa. Na kabla ya kufa alichechemea." Akanionyesha kisigino kilivyoliwa upande mmoja. "Miaka mingi. Goti ya kushoto."

"Basi ungempa unga."

Watu walianza kusogea. Nilishuka kidogo, akapanda kidogo sana. Akaondoka, nikamwacha aondoke. Akarudi, nikajifanya simwoni. Muuza mabegi aliacha meza yake kuja kutazama. Mwishoni tulikuwa tumebakiza tofauti ya shilingi ishirini na hakuna aliyekubali kuiachia. Jua lilitupita utosini. Nikaona jasho linamtiririka, na mkono mmoja umekwenda kiunoni.

"Chukua, Mzee. Hii hapana bei."

Alinitazama kwa hasira ya kweli. Nimewahi kumshinda mtu kwa bei maishani, lakini ile ndiyo mara pekee niliyomwona mtu akishindwa kwa kupewa. Alivivaa pale pale, akaondoka bila kuaga, na kesho yake mfuko wangu wa unga ulijazwa mpaka ukapasuka.

Novemba Akinyi akaja mwenyewe kukagua. Nilimpeleka dukani nikitegemea vita. Alimweleza Mzee bila kuzunguka kwamba kuna unga wa namna hiyo unaouzwa huku na kule ukiwa na vitu vibaya ndani: madaktari wamekuta dawa za kizungu zimechanganywa kwa siri, wamekuta risasi.

"Risasi!" Mzee aliinua mikono juu. "Binti, mimi na bunduki wapi?"

"Madini ya risasi, Mzee. Yanaharibu figo, yanaharibu akili. Yanaweza kuwa kwenye viungo vyenyewe unavyonunua, hata wewe usijue."

Nilidhani atakasirika. Alipima unga kifuniko kimoja, akautia kwenye mfuko, na kabla hajampa aliufunga kwa uzi mara mbili. "Pima," alisema. "Kama ni mbaya, niambie mimi kwanza. Kabla ya hawa watu."

Majibu yalichukua muda, na siku zile Mzee hakumpa mtu unga. Alisema kinu kimevunjika. Kinu kile kingeangukiwa na lori kisivunjike. Akinyi alipopiga simu nilikuwa dukani, nikaweka sauti ya juu. Risasi haikuonekana, dawa za siri hazikuonekana, ila kulikuwa na vumbi la chuma, huenda ni la duka. Na bado, akasema Akinyi, mama yake atapimwa damu hospitali kila baada ya miezi mitatu, na mifuko mipya ya viungo ikifika ipimwe tena. Alikuwa sawa, na Mzee alimwambia hivyo. Jioni ile alihamisha kinu hadi jikoni kwake na kuanza kutwanga upya.

Ikabaki Krismasi. Nilipanda basi kwenda Nairobi nikiwa na jibu langu tayari, lakini Akinyi anakaa ghorofa ya nne na alikuwa amesimama chini ananisubiri. Alitaka tu kutazama.

Nilipanda. Ghorofa ya kwanza nilipanda nikipiga domo tu. Ya pili goti likaanza kunong'ona. Ya tatu nilisimama kutazama viatu vilivyoachwa mlangoni mwa mtu, nikavigeuza, nikavitilia bei, nikatoa kasoro ya soli, na nilipomaliza goti lilikuwa limemaliza pia. Ya nne nilifika kwa miguu yangu.

"Linauma?" Akinyi aliuliza.

"Linauma. Lakini limepanda."

Hapo ndipo tulipokaa kujadiliana. Nilianza kwa kumwambia kwamba Nairobi sirudi tena, hata Krismasi, hata kwa harusi yake. Yeye alianza na kuuza kibanda wiki hiyo. Tulipofika katikati ilikuwa hivi: nabaki Kibuye, marobota nisiinue, nimlipe mtu, hospitali niende bila kukumbushwa, na Krismasi zote ni zake. Alidhani amenishinda. Krismasi nilikuwa nazo tangu mwanzo, nilizificha tu chini ya meza.

Mzee nilimsimulia yote niliporudi, na alipenda sana ile ya viatu vya mlangoni. Alinirudisha hapo mara kadhaa.

Mwaka uliofuata nilikaa bila kumwona kwa muda, kwa sababu goti lilikuwa na siku nzuri na mtu akiwa na siku nzuri anasahau njia ya daktari. Nilipoenda, mlango ulikuwa umefungwa. Fundi akanielekeza nyumbani, nyuma ya duka, mlango wa kijani. Nilimkuta barazani kwenye kiti cha plastiki, mto mgongoni, paka wawili miguuni, na amevaa vile viatu vya kahawia. Kando ya kiti palikuwa na sanduku jipya la safari, bado na karatasi yake ya nailoni.

"Kiuno," alisema kabla sijauliza. "Daktari ameona. Hapana mbaya sana. Mzee tu."

"Unga je?"

"Nakula sasa." Akakunja uso. "Mchungu sana."

"Na hili sanduku?"

Akasema mwanawe wa Uingereza amekuja, sasa yuko mjini anatafuta mtu wa kununua duka. Huko kuna lifti, kuna chumba, kuna ukuta unaotoa joto. Kuna hekalu, kuna Wagujarati wenzake tele wa rika lake. Tena ni mtoto mzuri. Hilo alilisema mara mbili, mtoto mzuri, na mara ya pili lilikuwa kama malalamiko.

"Na wewe unataka?"

"Nani ataongea Kijaluo na mimi huko?"

Nilivuta kiti kingine. Tulikaa tukisikiliza mafundi wakigonga chuma upande wa mbele. Kisha geti la mtaani likalia, na mlio wa viatu vipya, visigino vigumu, viatu vya mtu asiyetembea sana, ukaanza kuja kwenye korido. Mzee alijiweka sawa kitini. Akauondoa mto mgongoni akaukalia, ili usionekane. Akaniinamia, na kwa mara ya kwanza tangu mambo ya samli akanong'ona kwa Kijaluo, haraka haraka, na safari hii nilimwelewa kila neno:

"Min Akinyi, upesi, mwanangu yuko karibu. Ili nibaki hapa, nianzie bei gani?"